Mke Mwenzangu Ana Mapezi

Wapo wanawake wanaoshindana na simu ya mume. Wengine wanashindana na baa ya mtaa wa pili, na wengine, Mungu awape subira, na Ligi Kuu ya Uingereza kila Jumamosi. Mimi nashindana na samaki. Usicheke kwanza. Samaki mwenyewe anaitwa jodari, ana mapezi ya njano, amechongwa kama risasi, na Umoja wa Mataifa umempa siku yake kabisa: kila tarehe 2 Mei ni Siku ya Jodari Duniani. Sisi wake wa wanaomfukuzia hatuna siku.

Mimi ni mtoto wa Shishiyu, wilaya ya Maswa. Nilipozaliwa palikuwa mkoa wa Shinyanga; Simiyu imekuwa mkoa mwaka 2012. Kama hujawahi kufika, ni nchi ya pamba, ng'ombe na viazi vitamu vinavyokatwakatwa na kuanikwa juani mpaka viwe michembe. Maji kwetu ni kitu cha kuchota. Unayafuata kisimani au kwenye lambo, na kiangazi unayagombania na ng'ombe. Mtu kukaa juu ya maji siku nzima halafu akaita starehe, hilo halikuwemo katika malezi yangu.

Tena maji makubwa tuliyoyajua sisi ni ya Ziwa Victoria, na habari yake ya kwanza iliyoniingia kichwani ilikuwa ya msiba. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Nilikuwa shule ya msingi. Kijijini watu walikaa kuizunguka redio kama vile maiti yuko ndani ya nyumba hiyo. Tangu hapo kwangu mimi chombo cha majini kilikuwa na maana moja tu.

Sasa utaniuliza, dada, mtu wa namna hii umeolewaje na mvuvi? Jibu ni kwamba sikuolewa na mvuvi. Niliolewa na mhandisi! Alikuja kwetu na kazi ya barabara, kofia ngumu kichwani, vumbi la Usukumani mpaka kwenye nyusi. Tulifahamiana Maswa mjini. Alikuwa na kile Kiswahili cha Tanga cha kubembeleza, hata akiomba chumvi mezani utadhani anakuposa. Kwao uvuvi ni wa ukoo, babu alivua, baba alivua, ila yeye alipelekwa shule. Alinieleza hayo yote kama historia. Nami nikayapokea kama historia.

Mwaka 2015 wazee wake walifika Shishiyu kuleta posa. Baba yangu, mtu wa ng'ombe hasa, akauliza swali ambalo Msukuma yeyote angeuliza: "Huko kwenu mnafuga nini?" Mjomba wa bwana harusi akajibu, "Mzee, mifugo yetu iko baharini, hatuilishi wala hatuichungi." Watu walicheka sana. Mahari lakini ilibaki ng'ombe, tena wakaenda kuwanunua mnadani kama watu wengine.

Mwaka uliofuata tulihamia Tanga, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wenyewe wanasema Tanga ni waja leo waondoka leo. Mimi nilikuja na sijaondoka. Ila wiki ya tatu tu nikagundua kwamba historia ile ilikuwa na boti.

Ngoja nikueleze boti yenyewe, maana ndiyo kiini cha ugomvi. Ni ya faiba, urefu wake futi 23, wazi kabisa juu, na wakati ule ilikuwa na injini moja ya nguvu za farasi 40. Wanapanda watatu: mume wangu, kaka yake, na binamu yao ambaye ndiye nahodha. Wanaondokea pale Deep Sea saa 10 alfajiri, wanavuka miamba ya karibu ambako wenzao wanavua changu na pweza, wanaendelea tu mbele mpaka mkondo wa Pemba. Hapo kati ya Tanga na kisiwa cha Pemba bahari ina kina cha kama mita 800. Ni bahari ile ile ambamo tangu miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na madinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Yaani ni kirefu kiasi hicho. Kuna vitu humo vimejificha toka enzi hizo na havijulikani.

Wakishafika, wanarambaza. Boti inatembea polepole, nyuma inaburuta mishipi yenye chambo bandia cha mfano wa ngisi, na watu watatu wanatazama angani. Hawatazami maji, wanatazama ndege. Ndege wa baharini wakikusanyika mahali na kuanza kupiga mbizi, ujue chini yao kuna dagaa, na chini ya dagaa kuna jodari anayewasukuma juu. Huyu samaki hapumziki. Akisimama, maji hayapiti kwenye mashavu yake na anakufa, kwa hiyo anaogelea usiku na mchana toka anazaliwa. Damu yake ni ya moto kuliko maji anamoishi. Mume wangu akinisimulia haya macho yanamng'aa, na mimi huwa najiuliza lini alinisimulia mimi kwa mtu mwingine namna hiyo.

Petroli lita 60 kwa siku. Siku nyingine wanarudi na jodari watatu, siku nyingine wanarudi na pua zilizobabuka na hadithi. Nilinuna, nikazoea, nikanuna tena. Ndoa nyingi zinaenda hivyo, si lazima kila kitu kiitishiwe kikao.

Kikao kiliitishwa na usiku mmoja wa mwishoni mwa Septemba 2019.

Walitakiwa warudi saa 11 jioni. Saa 12 jua likazama, simu zao zote tatu hazipatikani. Hilo peke yake si ajabu, ukishaenda mbali mtandao unakata. Saa 2 nikambeba mtoto nikaenda kwa mama mkwe. Nilimkuta amekaa barazani, amejifunga kanga mbili, sahani ya mwanawe imefunikwa kwa kawa juu ya mkeka. Hakuniuliza kitu. Nilipoanza kulia akanishika mkono akasema, "Mwanangu, tusimlie mtu aliye hai." Basi tukakaa. Saa 4, saa 6, saa 8. Alikuwa akiinuka mara moja moja kuangalia upepo, anarudi, anakaa. Nilielewa usiku ule kwamba mama huyu alishakaa baraza hiyo mara nyingi sana, kwanza kwa ajili ya baba yake, halafu mumewe, sasa wanawe wawili kwa mpigo. Alikuwa na ujuzi wa kungoja kama vile watu wengine wana ujuzi wa kushona. Na nikajua pia, kwa uhakika kabisa, kwamba mimi ujuzi huo sitaki kuwa nao.

Simu iliita saa 4 asubuhi. Walikuwa Moa, kule Mkinga, karibu kabisa na mpaka wa Kenya.

Injini iliwazimikia saa 9 mchana. Sasa msomaji wa bara mwenzangu, wewe utauliza kama nilivyouliza mimi, kwa nini wasitie nanga? Kamba yao ya nanga ilikuwa mita 60. Kwenye kina cha mita 800 hiyo ni kamba ya kuanikia nguo. Chombo kikizimika pale hakisimami, kinachukuliwa, na mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima. Wangeachwa wangeamkia Kenya, au wasingeamkia popote. Waliokolewa na wavuvi wa dagaa waliokuwa wanavua kwa taa. Waliona tochi ya simu ikipungwa gizani. Tochi ya simu! Chaji ilikuwa imebaki kidogo.

Sasa kuna jambo sijalisema. Kazi yangu mimi ni bima. Nashinda nikiwauliza watu maswali ya balaa: gari inalala wapi, nyaya za nyumba zina miaka mingapi, kuna mtungi wa kuzimia moto? Alipooga, akala, akalala, akaamka, nikamkalisha jikoni nikamuuliza kama mteja. Mna majaketi ya kujiokolea mangapi? Moja, amekalia nahodha kama mto. Redio koli? Hakuna. Nani nchi kavu anajua mmeelekea wapi? Kimya. Utabiri wa upepo na mawimbi wa TMA mnauangalia? "Binamu anaijua bahari." Kwa majibu yale nisingeipa boti ile bima ya nusu siku.

Akasema, taratibu kwa ile sauti yake, "Mke wangu, bahari haikatiwi bima. Umeolewa na mvuvi."

Nikamwambia, "Nimeolewa na mhandisi. Daraja ungelijenga hivi?"

Hapo nilimpata. Alinyamaza muda mrefu.

Wanawake wenzangu kazini walinipa ushauri wa aina mbili. Mmoja alisema mpige marufuku, achague wewe au samaki. Mwingine akasema mwache, mwanaume ukimfungia anatafuta mengine mabaya zaidi, afadhali jodari hana namba ya simu. Sikuupenda ushauri wowote kati ya hiyo miwili. Wa kwanza ungenipa mume aliyekaa kwenye kochi akitazama dirishani. Wa pili ungenipa ile baraza ya mama mkwe. Mimi nilitaka kitu kingine: nilitaka anayengoja naye ahesabiwe kuwa yumo kwenye boti.

Tulijadiliana wiki mbili. Majaketi matatu alikubali siku hiyo hiyo, na sharti la kuyavaa, si kuyakalia. Redio ikanunuliwa, ile ya baharini yenye chaneli 16 ambayo dunia nzima inatumia kuomba msaada. Petroli ikagawanywa mafungu matatu: fungu la kwendea, fungu la kurudia, na fungu lisiloguswa. Yeye naye alikuwa na yake: nisimpigie simu kazini Ijumaa kumtabiria mabaya, na nisimwage machozi mlangoni mbele ya mtoto. Haki yake. Nikakubali.

Tulipokwama ni kwenye saa ya kugeuza. Nilitaka saa 8 mchana boti igeuze pua, liwalo na liwe. Hesabu yake si ngumu: ukigeuza saa 8, kitu kikiharibika bado una masaa manne ya mwanga wa kukirekebisha au kuonekana. Akasema haiwezekani, jodari wana tabia ya kuchangamka alasiri, ukigeuza saa 8 ni sawa na kuondoka harusini kabla ya pilau. Nikamwambia basi kula pilau, ila siku moja tu ukipita saa 8, mimi na mtoto tunapanda basi la Shishiyu, na safari hiyo haina tiketi ya kurudi. Nilisema bila kupandisha sauti. Alinitazama aone kama ni utani. Haukuwa utani, msomaji, na hata leo nikikumbuka tumbo linanikaza, maana nilikuwa nampenda mtu huyu na nilikuwa namaanisha kila neno.

Akakubali. Lakini kukubali jikoni ni kitu kimoja.

Novemba 2020 nilikwenda naye. Wazo lilikuwa langu. Ilikuwa ile tanga mbili, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, bahari imelala. Nilivaa jaketi toka nyumbani, watu wa Deep Sea wakacheka, waache wacheke. Nilitapika mara mbili kabla jua halijatoka, halafu shemeji akanipa tangawizi nitafune na akaniambia niangalie mbali, nisiangalie ndani ya boti. Inasaidia. Nyuma yetu milima ya Usambara ikazidi kuwa midogo, na maji yakabadilika rangi ghafla, toka kijani mpaka bluu ya wino. Hapo ndipo kina kinapoanguka. Nilihisi kwenye nyayo, au nilidhani nimehisi.

Saa 4 asubuhi mshipi mmoja ulivutwa kama umefungwa kwenye lori linalokwenda. Kelele! Shemeji alivaa glavu, anavuta, anaachia, anavuta, jasho linachuruzika, dakika 40 nzima, na mimi mtoto wa mfugaji nikajikuta nimesimama napiga vigelegele kama kwenye mchezo wa ngoma. Alipotokea ubavuni, alikuwa na rangi ambazo hazionekani sokoni: mgongo wa bluu iliyokolea, ubavu wa fedha, na yale mapezi ya njano kama yamepakwa sasa hivi. Kilo 31. Walimkata nyuma ya pezi la ubavuni damu itoke, wakamfukia kwenye barafu pale pale. Si madoido. Damu yake ya moto inamharibu haraka. Jodari akiachwa juani anatengeneza sumu inayokufanya uvimbe, uwashwe na kichwa kigonge, na sumu hiyo haiondoki hata ukimpika siku nzima. Ukiwa sokoni unamnunua, angalia kwanza kama yuko kwenye barafu, bei baadaye.

Halafu saa 8 kasoro dakika tano, ndege.

Walikuwa wengi, labda nusu kilomita mbele yetu, wanaanguka majini kama mawe. Maji chini yao yanachemka. Jodari walikuwa wanaruka nje kabisa, miili mizima, mikubwa kuliko yule tuliyempata. Nahodha akaongeza moto bila kuulizwa. Shemeji akawa tayari anatupa mishipi. Mume wangu akatazama saa.

Hakunitazama mimi. Nilimshukuru kwa hilo baadaye, kwa sababu angenitazama ingekuwa mimi ndiye niliyewanyima. Alitazama saa, akatazama ndege, akakaa hivyo kwa muda ambao naona ulikuwa mrefu, halafu akamwambia binamu yake, "Geuza."

"Bwana wee, wako hapo hapo!"

"Nimewaona. Geuza."

Boti ikageuka. Shemeji alininunia mpaka tunafika, hata tangawizi hakunipa tena. Mimi nilikaa mbele nikishikilia pembeni kwa mikono miwili, na sikusema neno, na kama ningesema sauti isingetoka.

Siku hizi siendi. Nimeona ninachotaka kuona. Kila safari, wakirudi na mtandao ukashika, ananitumia maneno mawili: "Nimeona milima." Hapo natia wali jikoni.

Sehemu ya yule jodari tuliikausha kwa chumvi ikawa ng'onda, na Desemba tukaipeleka Shishiyu. Baba alikula na ugali wa mtama, akatafuna, akasimama. Yeye samaki anaowajua ni sato na sangara wa ziwani, nyama nyeupe. Akaigeuza vidoleni. "Hii ni ng'ombe," akasema. Mume wangu akamweleza kwamba samaki asiyepumzika nyama yake inakuwa nyekundu, kama ya ng'ombe anayetembea sana. Baba akaelewa mara moja. Wakaongea mpaka usiku. Mume wangu akamwambia kwamba Januari 2019, mnadani Tokyo, jodari mmoja wa kilo 278, wa aina nyingine kubwa, si hawa wetu, aliuzwa yeni zaidi ya milioni 333. Baba akataka ajue hizo ni ng'ombe wangapi. Walikaa wanakokotoa chini kwa kijiti.

Na usiku ule huo mume wangu, kwa hiari yake, akamsimulia habari ya Moa. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Injini zilikuwa ngapi?"

"Moja, baba."

"Kwetu hata plau haifungwi ng'ombe mmoja."

Hakusema zaidi. Mwaka 2021 pamba ilipokwisha kuuzwa alipeleka madume wawili mnadani, uzao wa wale wa mahari yangu, na fedha zikaingia kwenye simu ya mume wangu, si yangu. Tukaongezea. Injini ya pili ni ndogo, ya 15, lakini inatosha kuirudisha boti nyumbani.

Siku ya kuifunga waliipaka boti rangi upya na mume wangu akaandikisha jina ubavuni kwa herufi kubwa nyeupe: SHISHIYU. Wavuvi wa Deep Sea waliizunguka wakiisoma. Mmoja akamuuliza kama hiyo injini mpya ndiyo imekuja na jina hilo toka Japani. Mume wangu akamjibu ndiyo, ni Kijapani, maana yake saa 8 kamili.